Mguu wa Mashini Unaliwa: Soma Jeraha Kabla Hujanunua Mwingine

Bamvua iliyopita, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, boti moja ya futi 23 ilikuwa imepwelewa kwenye mchanga wa Mtwapa, nikaitwa nikautazame mguu wa mashini, ile sehemu ya chini inayoingia majini na kubeba propela. Mwenyewe alikuwa ameshakata shauri. "Chumvi hiyo, fundi. Bahari yetu kali. Wewe nitafutie mguu mwingine tu."

Nikachukua bisibisi nikaigusa rangi iliyovimba upande wa kulia, juu kidogo ya propela. Ikabanduka kama ganda la yai, na chini yake ukamwagika unga mweupe, laini kama wa muhogo. Nikachokoa kidogo, ncha ya bisibisi ikazama kama milimita 3 ndani ya alumini. Halafu nikapeleka mkono kwenye zinki, ile ya umbo la pezi iliyofungwa nyuma, juu ya propela. Nzima kabisa, kona zake zote zipo, na imepigwa rangi nyeusi ya kung'aa, ile ile ya mguu.

"Zinki hii nani kaipaka rangi?"

"Kijana wangu. Si ilikuwa inaharibika, yakhe? Tukaona tuihifadhi."

Zinki kazi yake ni kuliwa ili mguu usiliwe. Basi zinki ikahifadhiwa, mguu ukaliwa badala yake. Nimeyaona haya Tudor, nimeyaona Shimoni, na karibu kila mara lawama hupewa chumvi, au mashini huitwa feki. Lakini alumini ya mashini za baharini hujivika utando mwembamba wa oksidi unaoikinga, na ndiyo maana mashini mbili za umri mmoja zilizolala kwenye maji yale yale, moja hudumu miaka na miaka na nyingine hutoboka mapema. Tofauti yao ni umeme. Ukizamisha metali mbili za aina tofauti katika maji ya bahari, kisha zikagusana au zikaungwa kwa waya, umeshatengeneza betri bila kukusudia. Metali dhaifu hutoa mkondo na kulika, yenye nguvu hubaki inang'ara. Huu ndio ulikaji wa galvani.

Ni nani dhaifu, nani mwenye nguvu? Kuna kipimo cha kulinganishia cha fedha na kloridi ya fedha, ambacho hutumbukizwa majini na kuungwa kwenye mita ya umeme. Kwa kipimo hicho, zinki husoma karibu -1.03 volti. Alumini maalumu ya anodi, yaani ya vipande vya kafara kama zinki ile, hufika -1.10. Alumini ya mguu wa mashini huwa baina ya -0.75 na -1.00 kwa kufuata mchanganyiko wake. Chuma cha kawaida ni karibu -0.65, bronzi karibu -0.3, na stenlesi isiyo na kasoro hukaribia sifuri. Aliye chini zaidi ndiye anayeliwa kwanza. Ukiutazama mguu wa alumini uliovishwa propela ya stenlesi, pengo lao linaweza kufika volti 0.7. Dogo kwa macho, ila linafanya kazi usiku na mchana, Ijumaa na Idi.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1761 waliivika manowari ya HMS Alarm mabamba ya shaba nyekundu chini ya maji ili mbao zisitobolewe na wadudu. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya, ila pale ambapo karatasi ya kahawia iliyokuja na mabamba ilisahauliwa katikati, msumari ulikuwa mzima. Mwaka 1824 mwanasayansi Humphry Davy akashauri shaba hiyo ifungiwe vipande vya zinki au chuma vilike kwa niaba yake. Shaba ikapona kweli, ila mwani na chaza wakajaa tele, kwa sababu shaba isiyolika haiwaui tena. Karatasi na zinki: kutenganisha, au kutoa kafara. Hadi leo sina dawa ya tatu ya kukuuzia, isipokuwa kile kifaa cha betri nitakachokitaja baadaye.

Vitu vya kubeba

Mita ya umeme ya kawaida inatosha, mradi inasoma milivolti na milliampea. Kipimo cha fedha si rahisi kukipata madukani kwetu, lakini kipande cha zinki safi kilichosuguliwa kwa msasa na kuunganishwa kwenye waya mrefu kitakupa jibu la kukaribia. Tumbukiza zinki hiyo majini karibu na mguu bila kugusana nao, waya wake uwe kwenye tundu hasi la mita, na ncha chanya iguse metali tupu ya mguu. Mguu wa alumini unaolindwa vizuri husoma chini ya milivolti 130 juu ya zinki. Ukisoma 250 au 300, mguu uko uchi. Kwa kipimo cha fedha, namba unayoitaka kwa alumini ni baina ya -0.90 na -1.10 volti. Kwa chuma cha kawaida, -0.80 au chini yake.

Beba pia brashi ya waya, msasa, bisibisi bapa, nyundo ndogo na tupa. Nyundo utaiona kazi yake mbele.

Rangi inavimba, chini kuna unga mweupe

Hili ndilo lalamiko la kila siku. Unga huo ni alumini iliyokwisha kulika. Fuata mpangilio huu, maana watu wengi huanzia mwisho kwa kupaka rangi upya, na baada ya miezi mitatu wanarudi palepale.

Tazama zinki kwanza. Ikiwa imebaki nusu au chini ya nusu, badilisha. Usingoje iishe yote, kwa sababu inavyozidi kuwa ndogo ndivyo inavyoshindwa kuulinda mguu. Ikiwa imepakwa rangi, kwangua mpaka uone metali. Na hesabu zinki zote. Mashini nyingi za nje, zikiwemo Yamaha zinazosukuma boti nyingi za pwani hii, zina zinki zaidi ya moja: ya pezi, ya kwenye bano linaloshika mashini ubaoni, na nyingine ndogo zilizofichwa ndani ya bloku kwenye njia za maji ya kupoza. Hizo za ndani husahauliwa mpaka siku mashini inapopata joto.

Zinki ikiwa sawa, uliza boti imepakwa rangi gani chini. Rangi nyingi za kufukuza chaza na mwani zina oksidi ya shaba nyekundu. Kwenye ubao au faiba hakuna neno. Kwenye mguu wa alumini umeupaka adui yake mwili mzima: kila mkwaruzo mdogo unakuwa betri. Nimekuta mguu umepakwa rangi nyekundu ya mkebe ule ule wa boti "ifanane". Toa yote, na hata kwenye boti yenyewe acha mwanya wa sentimita 2 na nusu au zaidi kuzunguka bano la mashini. Mguu una rangi yake isiyo na shaba, itafute hiyo.

Kurekebisha: futa unga wote kwa msasa mpaka alumini ing'ae. Usitumie brashi ya waya wa chuma hapa, vipande vyake vidogo hukwama ndani na kuanzisha vita vipya. Tumia ya stenlesi au nailoni. Osha kwa maji matamu, kausha, kisha weka praima ya epoksi siku ile ile, ikiwezekana saa ile ile, kwa maana alumini iliyokwanguliwa huanza kujivika oksidi tena mara moja. Mashimo jaza kwa epoksi ya kujazia metali. Rangi ya juu ndiyo ya mwisho.

Na maji matamu yawe matamu kweli. Visima vingi vya kisiwani hapa Mombasa vina magadi na chumvi, na kuisafisha mashini kwa maji hayo kila jioni ni kujichosha. Nunua mitungi miwili ya maji ya mfereji.

Zinki haiishi

Watu hufurahi. "Fundi, hii zinki nzuri sana, mwaka wa pili huu." Mimi nikisikia hivyo huinama nikautazame mguu.

Zinki imewekwa ili iliwe. Isipoliwa, kuna sababu, na aghalabu ni hii: haigusani na mguu kwa umeme. Boliti imefungwa juu ya rangi, au chini ya zinki kuna utando wa oksidi, au kuna kipande cha plastiki. Weka mita kwenye omu, yaani upande wa kupima ukinzani, ncha moja kwenye zinki iliyokwanguliwa na nyingine kwenye metali tupu ya mguu. Unataka chini ya omu 1. Ukipata zaidi, fungua, sugua nyuso zote mbili zinazogusana mpaka zing'ae, na funga tena kwa boliti safi.

Kwa boti zenye mguu wa nyuma unaoungana na mashini ya ndani, za Mercruiser na Volvo Penta kwa mfano, tatizo lina matawi zaidi. Mguu ule umeundwa kwa vipande vinavyopinda na kuzunguka, na kati ya vipande kuna grisi na bushi. Watengenezaji huviunganisha kwa waya fupi au washa maalumu. Fundi akiufungua mguu halafu asirudishe waya mmoja kwa kuuona wa ziada, kipande kizima hubaki yatima bila zinki. Pima omu kutoka kwenye zinki hadi kila kipande, kimoja kimoja. Miguu hii pia haiinuki yote kutoka majini kama mashini ya nje, kwa hiyo inakula chumvi saa 24.

Baadhi yake ina kifaa kinachochota umeme kidogo wa betri na kuusukuma majini ili kuukinga mguu. Kifaa kizuri, lakini hapa kwetu kina kasoro moja: mwenye boti akiogopa wezi hubeba betri nyumbani kila jioni. Betri ikilala Nyali na boti ikalala Tudor, kifaa kimezimika. Mtu wa aina hiyo ategemee zinki.

Sababu nyingine ni mashini iliyoinuliwa nusu. Ukiinua mashini ya nje lakini ncha ya mguu na pembe ya propela zikabaki majini, zinki ya pezi inaweza kuwa hewani. Zinki ya hewani haina kazi. Inua yote au usiinue.

Halafu kuna zinki ya kusubu mitaani. Sina ugomvi na jua kali, mimi mwenyewe nimelelewa humo, lakini zinki ya kafara ni kitu chenye masharti. Kipimo cha kijeshi cha Marekani kinachofuatwa na watengenezaji wengi kinataka chuma ndani ya zinki kisizidi asilimia 0.005. Zaidi ya hapo zinki hujifunika ganda gumu na kulala usingizi. Ukiyeyusha zinki chakavu kwenye sufuria ya chuma juu ya makaa, kiasi hicho umeshakipita kabla haijapoa. Nilinunua mbili za namna hiyo mwaka mmoja kwa sababu ya bei. Ziko kwenye sanduku langu bado, nazitumia kama uzito wa kushikilia karatasi.

Mwisho, maji yenyewe. Masika ikinyesha, mito ya Kombeni na Tsalu humimina maji matamu kwenye mkono wa Tudor, na boti zilizofungwa ndani kabisa hukaa kwenye maji ya mchanganyiko wiki nzima. Zinki katika maji yasiyo na chumvi ya kutosha hujifunika utando mweupe na hata chumvi ikirudi inachelewa kuamka. Kwa boti zinazolala mle ndani napendelea anodi za alumini, ambazo hufanya kazi maji yote mawili. Ila usichanganye: anodi za boti moja ziwe za aina moja. Na ukiletewa ya magnesiamu kutoka nje, iache. Hiyo ni ya maziwa na mito. Baharini huisha haraka na kusukuma mkondo mwingi mno hadi rangi ya mguu inavimba ingawa anodi ni mpya. Mita ikisoma chini ya -1.2, hicho ndicho kinachotokea, na alumini haipendi kulindwa kupita kiasi.

Zinki inaisha kwa wiki tatu

Hapa acha chai, kaa kitako. Zinki ya kawaida hutakiwa kukaa miezi. Ikiisha kwa wiki, ama kuna metali kubwa yenye nguvu imeunganishwa na mashini yako, ama kuna umeme unaopotea.

Anza na waya wa nchi kavu. Kama boti yako inalala kwenye gati lenye plagi ya umeme wa volti 240, ule waya wa athi, wa kijani na manjano, unaunganisha boti yako na kila boti nyingine iliyochomekwa pale, pamoja na nguzo za chuma za gati. Jirani yako akiwa na boti ya chuma isiyo na zinki, zinki yako ndiyo inayoilinda. Wewe unalipa, yeye analala. Jaribio lake ni jepesi: pima mguu ukiwa umechomeka, kisha chomoa na upime tena. Ikiwa namba inaruka kutoka -0.85 hadi -0.98 ukichomoa, umempata mwizi wako.

Watu wawili watatu wamewahi kuniambia wamelitatua kwa kuukata ule waya wa kijani. Usifanye hivyo, narudia, usifanye. Waya huo ndio unaokuepusha na kifo siku kebo ya 240 itakapogusa mwili wa boti, na mtoto anayeoga kando ya boti ndiye atakayeuliwa kwanza. Kuna kizuizi cha galvani kinachofungwa katikati ya waya huo. Ndani yake mna diodi mbilimbili kila upande, na huzuia volti ndogo ya takriban 1.2 isipite, huku ikiruhusu mkondo mkubwa wa hatari upite na kukata fyuzi. Chukua kilichopimwa kwa mkondo usiopungua wa plagi yako. Au chomoa kebo kila usipochaji betri. Hiyo ni bure.

Boti nyingi za hapa hazina plagi yoyote, zimefungwa kwa nanga tu. Basi mkondo unatoka kwenye betri yako mwenyewe, na huu ni mbaya kuliko wa galvani: galvani ni kama volti moja tu, betri ina 12. Nimeona kitu kikiliwa kwa siku kumi.

Kanuni ya kushika ni moja: panapoliwa ni pale mkondo unapotoka kwenye metali kuingia majini. Panapopokea mkondo hapaliwi. Kwa hiyo jeraha linakuelekeza. Nahodha mmoja wa boti ya watalii aliniita kwa kuwa valvu ya bronzi ya kupitisha maji chini ya boti imekuwa nyekundu na inavuja, ilhali mguu wa mashini ni mzima hata haujachubuka. Mguu ulikuwa upande wa hasi wa betri, valvu ndiyo iliyoliwa, kwa hiyo waya chanya ulikuwa unagusa maji mahali. Nikashuka na tochi kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti maji yanapojikusanya. Pampu ya ngama ilikuwa imeungwa kwa kusokota waya na kuzungushia utepe mweusi, na kiungo kimelala chini, ndani ya maji ya kiganja kimoja, karibu na valvu. Umeme ulitoka kwenye waya, ukapita maji ya ngama, ukaingia valvu, ukatokea baharini na kurudi kwenye mguu. Pampu ikifanya kazi vizuri kabisa wakati wote huo. Tuliinua kiungo sentimita 30, tukakibana kwa terminali zenye ala ya kunywea kwa joto. Valvu ikabadilishwa.

Kama mguu wenyewe ndio unaoliwa, kisa ni kinyume: umeme chanya unavujia kwenye mashini, na kebo nene ya hasi inayotoka mashini kwenda betri imeoza au kulegea, hivyo mkondo unakosa njia ya nyumbani na kupitia baharini. Fungua kebo hiyo pande zote mbili, isugue, ifunge.

Namna ya kutafuta uvujaji: zima kila kitu. Vua kichwa hasi cha betri, weka mita ya milliampea kati ya nguzo ya betri na kichwa cha waya. Isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka ianguke. Fyuzi iliyoiangusha ndiyo yenye mvuja. Usiwashe mashini mita ikiwa imefungwa hivyo, utaichoma. Njia ya pili ni kuacha kipimo cha fedha majini na kuwasha taa, redio, pampu, kimoja kimoja, huku ukiangalia namba. Ikisogea kuelekea sifuri unapowasha kitu, hicho kinakula metali unayoipima.

Ukikuta hakuna uvujaji, rudi kwenye metali. Propela mpya kubwa ya stenlesi, ngazi ya stenlesi iliyozama na kufungwa kwenye hasi, mnyororo wa nanga unaogusa bano: vyote hivi vinaongeza njaa. Ongeza zinki au tenganisha. Boti inayokaa muda mrefu bila kutembea unaweza kuining'inizia zinki ya ziada kwa waya ubavuni, na klipu yake ishike metali tupu ya mashini. Kumbuka tu kuipandisha kabla ya kuondoka. Nimeokota mbili kwenye matope ya Tudor.

Propela imekuwa na rangi ya waridi

Hili ni la majahazi na boti za mashini ya ndani zenye shafti. Propela nyingi zinazouzwa kama bronzi ya manganizi ni shaba ya manjano hasa: karibu asilimia 58 shaba nyekundu na karibu 40 zinki. Zisipolindwa, bahari huinyonya zinki iliyomo na kuacha shaba yenye matundu madogo, nyekundu, laini kama biskuti iliyolowa. Umbo linabaki lile lile, ndiyo hatari yake.

Kwaruza kwa tupa pembeni mwa pangaboi, yaani bapa moja la propela. Ukiona manjano, nafuu. Ukiona waridi unaoendelea kila unapozidi kukwaruza, propela hiyo imekufa. Sasa nyundo: gonga kidogo kila pangaboi. Propela nzima hulia kama kengele na sauti hubaki hewani. Iliyonyonywa hutoa "dup", kama chungu chenye ufa. Haitengenezeki kwa kuchomelea, achana na anayekuahidi. Nunua nyingine, ikiwezekana ya bronzi ya alumini na nikeli, ambayo inastahimili zaidi, na funga zinki ya pete kwenye shafti, ikae juu ya metali iliyosuguliwa. Pima pia kama shafti imeungana na mashini kwa umeme. Kiungo cha mpira kati yao hukata njia.

Mashimo yasiyo ya galvani

Vijishimo vilivyojikusanya mgongoni mwa pangaboi karibu na ncha, vikali kama sifongo, vikiwa safi bila unga, ni kazi ya mapovu ya maji yanayopasuka. Pangaboi limepinda, au propela ni ndogo kwa mashini, au kuna mwani mbele yake. Zinki hata kumi hazitasaidia.

Shafti ya stenlesi yenye mashimo pale tu inapopita ndani ya bushi ya mpira ni jambo jingine tena. Stenlesi huhitaji oksijeni ili ibaki stenlesi, na maji yaliyotuama ndani ya bushi hayana. Boti iliyolala miezi ya kusi bila kutoka huonyesha hili. Izungushe shafti kila wiki.

Skrubu za stenlesi zilizoganda kwenye alumini: grisi ya baharini tangu mwanzo. Si grisi ya grafiti wala ya shaba, zote mbili ni maadui wa alumini. Hata penseli usichoree alama kwenye alumini tupu, ina grafiti.

Saa za bamvua

Vipimo vyote hivi vinahitaji mguu uwe majini, na matengenezo yote yanahitaji uwe nje, ndiyo maana mimi hufanya kazi kwa bamvua. Hapa Mombasa maji ya bamvua hupwa sana kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi, tofauti yake zaidi ya mita 3. Fika saa moja na nusu, pima kabla boti haijakaa mchangani, andika namba kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha mashini pamoja na tarehe. Saa tatu hadi saa sita ni za msasa na spana. Maji yakirudi na kuufunika mguu pamoja na zinki, pima tena kabla hujang'oa nanga. Kama namba haijashuka kwa milivolti 200 hivi chini ya ile ya mguu usio na zinki, kuna kitu hujakisugua.

Boti ile ya Mtwapa ilisoma -0.74 asubuhi. Kijana aliikwangua rangi yake mwenyewe kwenye zinki ya pezi na ile ya bano, akasugua chini ya boliti, nami nikajaza lile shimo la milimita 3 kwa epoksi. Saa nane na robo ilisoma -0.97. Zinki zile zile mbili.